Bwana Stoo na Sufuria za Duara Jekundu

Nianze na soksi, maana ndizo zilizonitia kichefuchefu kwanza. Zilikuwa soksi zake mwenyewe, kuukuu, zimetoboka visigino. Alizijaza ule mchanga wa choo cha paka unaouzwa dukani kwa mifuko, akazifunga kifundo, akazitundika moja moja kwenye mabomba ya hema, juu ya viti, spika na masufuria ya jumuiya nzima. Mchanga huo hunywa unyevu, alisema. Kila Jumamosi ya majira ya baridi alizishusha, akazinusa moja baada ya nyingine, akajua ipi imeshiba. Zilizoshiba alizipeleka kwake kuzikausha katika oveni, na oveni ni ile ile aliyookea samaki wake.

Mimi ni mtu wa kinyaa, na sioni haya kusema. Kazi yangu ni kuzunguka majumbani mwa wazee wa Kiswidi, kuwaogesha na kuwabadilisha, na watu hudhani mwenye kazi hiyo hana kinyaa tena. Ni kinyume chake. Kinyaa ninachokimeza kazini mchana kutwa lazima kitoke mahali, na kwa miaka mingi kilitokea kwa mzee huyu.

Tulimwita Bwana Stoo. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye orodha ya wanachama, lakini hakuna aliyelitumia, na alikotoka kila mtu alikuwa na lake la kusema: Watanzania walisema ni wa kwao, Wakongomani wakasema aliishi kwao, yeye akasema swali hilo ni la polisi. Tulichojua ni kwamba ujana wake aliumalizia katika ghala la serikali huko nyumbani, na huku Stockholm alifagia mabasi gereji mpaka akastaafu. Hakuwa na mke wala mtoto wa kumpigia simu. Alikuwa na chumba kimoja mtaa wa Rågsved, na alikuwa na hema letu. Hema ndilo lililompa jina, ndilo lililofanya watu wazima wamwamkie barabarani, na siku tulipomnyang'anya tulimnyang'anya vyote alivyokuwa navyo. Aliyestahili kunyang'anywa kitu siku hiyo ni mimi. Nalisema mapema ili msomaji asidhani namcheka mzee wa watu kwa sababu mimi ni bora kuliko yeye.

Hema lenyewe lilikuwa lile banda la turubai la kijivu ambalo Waswidi huficha pikipiki zao majira ya baridi. Mabomba ya chuma, kitambaa kizito juu yake, zipu ndefu mbele. Jumuiya yetu haikuwahi kuwa na nyumba. Sisi ni Wakenya, Watanzania, Waganda, Wakongomani na Warundi tuliounganishwa na Kiswahili na harusi, na kila chumba tulichokodi tulifukuzwa kwa kelele au kwa harufu ya vitunguu. Vyombo vikabaki bila mahali, ndipo likanunuliwa hema. Likasimama kwanza mtaa wa Rissne nyuma ya ukumbi mmoja, tukafukuzwa. Likaenda Tumba, tukafukuzwa. Mwisho likatua Rågsved, kwenye sehemu mbili za kuegesha magari, na kila mara aliyelifungua, akalikunja, akalibeba na kulisimamisha upya alikuwa yeye, na wachache tuliotokea kumsaidia tulitokea wakati chai imeiva.

Ndani yake mlikuwa na viti mia na ishirini, meza za kukunja, spika mbili kubwa, ngoma, majiko, na masufuria. Hayo masufuria lazima niyaeleze, maana ndiyo yaliyoleta balaa. Yalikuwa makundi mawili. Moja lilipakwa duara la kijani kwenye mshikio, jingine duara jekundu. Sufuria ya duara jekundu haikuruhusiwa kuguswa na nguruwe wala pombe, kamwe, ili Waislamu na Wakristo wetu wale chungu kimoja kwenye msiba na kwenye harusi bila mtu kuuliza maswali. Ilikuwa sheria pekee ya jumuiya ambayo hakuna aliyewahi kuipinga mkutanoni. Kuvunja tulivunja zote nyingine.

Rangi ile aliipaka yeye kwa mkono wake, na aliilinda kama mboni ya jicho. Ukienda kuazima alikuuliza unapika nini, kwa ajili ya nani, na nani anaosha. Ukijibu kwa kigugumizi hukupewa. Ukirudisha aliingiza pua yake yote ndani ya sufuria, pua ndefu yenye nywele, akavuta pumzi kwa sauti. Nilikuwa nageuza uso. Halafu aliingiza kidole chini ya ukingo wa mfuniko, pale ambapo watu wavivu hawasugui, akakitoa, akakitazama, na wakati mwingine, Mungu nisamehe, akakilamba.

"Mchuzi wa jana," alisema. "Rudi nayo."

Na watu wazima, wenye shahada, wenye magari, walirudi nazo.

Kuna jambo alilolijua na sisi tuliokulia kwenye joto hatukulijua, na ilitugharimu kulijifunza. Sisi tukisikia baridi inakuja tunaziba. Tunaziba dirisha, tunaziba chini ya mlango, tunajaza magodoro na mablanketi. Mwaka wa kwanza pale Rågsved Mwenyekiti wetu, Mkenya mwenzangu, mtu wa suti na mipango, alimhurumia Bwana Stoo kwa kuacha upenyo wa kiganja kizima chini ya turubai pande zote. Akaja na wenzake Jumapili baada ya kanisa, wakaziba upenyo kwa mablanketi ya zamani, wakafunga matundu ya juu kwa mkanda wa gundi, wakapiga picha, wakaituma kwenye kundi letu la simu. Tukaiwekea vidole gumba.

Baada ya wiki tatu Bwana Stoo akatuita. Ndani ya hema ilikuwa inanyesha. Pumzi ya lami na ya vitambaa ilikuwa imepanda, ikagonga turubai la baridi, ikarudi matone. Vitambaa vya meza vilikuwa na madoa meusi, ngozi za ngoma zimelegea na kuota manyoya ya kijani, na viti vilikuwa na utelezi kama mgongo wa kambare. Binti yangu Neema, aliyezaliwa huku na ambaye ukimsemesha Kiswahili hukujibu Kiswidi, aliweka shali puani akasema, "Äckligt, mamma!" Ndilo neno lao la kitu kinachotapisha, na safari hiyo mama na mtoto tulikubaliana.

"Baridi haili kitu," Bwana Stoo alimwambia Mwenyekiti mbele yetu. "Chuma kinalala kwenye baridi miaka mia. Kinachokula ni maji. Wewe umewafungia vyombo na adui wao chumba kimoja."

"Si tulitaka kusaidia tu, mzee," Mwenyekiti alisema.

"Ulitaka kupigwa picha."

Watu walicheka. Mwenyekiti naye alicheka, ila hakumtazama tena mzee mpaka tukaachana. Sikulipa jambo hilo uzito siku hiyo.

Toka hapo tulimwachia afanye anavyojua. Aliinua kila kitu juu ya mbao, kisiguse ardhi. Masufuria aliyapindua mdomo chini, mifuniko mbali, gazeti ndani. Spika hakuzifunika plastiki bali mashuka ya pamba. Theluji ikianguka alifika asubuhi, akaingia ndani, akaisukuma kutoka chini kwa ufagio aliouzungushia fulana ili usitoboe kitambaa, na theluji ikaporomoka pembeni na kumwangukia shingoni alipotoka. Mashine ya kuchanganyia sauti hakuiacha kabisa humo Januari. Aliipeleka chumbani kwake, akailaza kitandani, yeye akalala kwenye kochi. Mtu aliyeshuhudia aliniapia kwamba mashine ilikuwa imefunikwa blanketi na mzee amejifunika koti.

Unaona basi kwa nini nilishindwa kumpenda. Vitu alivipenda kuliko watu, na watu walilijua. Panya walipoingia aliweka mitego, na panya aliyenasa alimtoa kwa vidole, bila glavu, akamrusha kichakani, kisha mkono ule ule ukaingia mfukoni na kukutolea karanga. "Karibu, Mama Neema." Nilisema nimefunga. Nilikuwa nafunga mara nyingi sana kwa Mlokole.

Lakini msiba ulipompata kijana mmoja Mganda, asiye mwanachama, asiyejulikana na mtu, aliyefiwa na mke katikati ya Februari, Mwenyekiti alisema kanuni haziruhusu kumwazima vyombo. Bwana Stoo aliweka sufuria mbili, jiko na viti thelathini kwenye kile kigari cha kuburuta cha watoto, akakiburuta juu ya barafu mpaka kwa yule kijana, safari tatu, na akakaa huko siku nne akiosha vyombo. Hakumpa pole hata moja, kijana mwenyewe aliniambia. Alimwambia tu maharage yalowekwe usiku. Nilipomsifu aliniuliza kama namtaka atangaze redioni.

Alikuwa Mwislamu, na hapo pia hakuwa nadhifu. Swala alisali akikumbuka. Nilimwona si mara moja mtaa wa jirani, Högdalen, ameketi kwenye benchi na kopo la bia, ananywa taratibu, hajifichi. Mama Zuhura, mpishi wetu mkuu, Mrundi wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, ambaye hakuna shughuli iliyosimama bila yeye, alimsema mbele ya watu. Alisema, "Wewe mzee, unalinda masufuria kuliko tumbo lako mwenyewe."

"Tumbo ni langu," alijibu. "Masufuria ni ya watu."

Mama Zuhura aliguna, lakini tangu siku hiyo kila alipopika aliweka sahani ya kwanza pembeni, akaifunika, na akasema hiyo ni ya Bwana Stoo. Nadhani ile sahani ndiyo heshima aliyoithamini kuliko zote. Aliila amesimama, mgongo ametugeuzia, akimaliza anafuta sahani kwa mkate mpaka inang'aa.

Sasa nifike kwenye uchafu wangu.

Desemba moja nilikaribisha watu wa jumuiya nyumbani, Wakristo kumi na wawili, kula Krismasi. Nilikuwa nimenunua paja zima la nguruwe la Kiswidi, lile linalouzwa limevikwa wavu, kubwa kama mtoto wa miezi sita. Nilitaka kuwaonyesha watu kwamba mwaka huu mambo yangu yamekaa sawa. Bwana Stoo alikuwa kitandani na homa ya mapafu. Nilimpelekea supu, nikamwomba sufuria, akanipa funguo kutoka chini ya mto. Hakuwahi kumpa mtu funguo.

"Kijani, Mama Neema," alisema, macho amefumba. "Na uirudishe kavu."

Nilifika hemani, giza la saa tisa mchana limeshaingia. Sufuria kubwa ya kijani haikuwepo, ilikuwa imeazimwa. Zilizobaki za kijani zilikuwa ndogo, paja lisingeingia. Iliyotosha ilikuwa na duara jekundu. Nilisimama nayo mkononi, labda dakika mbili. Nikajiambia nitaisugua. Nikajiambia chuma ni chuma. Nikajiambia wao Waislamu wenyewe wako mbali na hawataona, na wazo hilo likinirudia sasa nasikia ladha mbaya mdomoni.

Nilichemsha paja la nguruwe katika sufuria ya duara jekundu, watu wakala, wakasifu. Kesho yake niliiosha haraka kwa sababu nilikuwa nawahi zamu, nikaifunika ikiwa na maji ndani, nikaiingiza katika mfuko wa plastiki, nikairudisha hemani nyuma ya zile nyingine. Funguo nikampelekea mzee. Akauliza kama ni kavu. Nikasema ni kavu.

Mwaka uliofuata Ramadhani iliangukia mwishoni mwa baridi. Tulikuwa na desturi ya futari moja kubwa ya pamoja, Wakristo wanaandaa meza, Waislamu wanapika. Mama Zuhura aliitaka ile sufuria kubwa. Bwana Stoo alikuwa amepona lakini amedhoofika, na miezi ile hakuwa amepitisha pua yake katika kila chombo. Alipoutoa mfuko ule wa plastiki alishtuka, maana yeye hakuwahi kufunga chombo kwa plastiki. Mama Zuhura akakitoa kifuniko.

Harufu ile ilitutoa sote nje. Kuvu lilikuwa limejaa, jeupe na la kijivu, lina vinyweleo, na chini yake maji ya kahawia yenye mafuta yaliyoganda. Mama Zuhura hakukimbia. Alichukua kijiko, akachokoa, akainua kipande cha wavu kilichonata na ngozi nene. Mtu yeyote aliyeishi Uswidi Krismasi mbili anaujua wavu ule.

"Ni nani alipika nguruwe humu?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Watoto wangu wamekula humu. Mimi miaka yote nawaambia, huku kuleni, huku ni kwetu." Halafu akalia, mwanamke ambaye hatukuwahi kumwona akilia hata alipomzika kaka yake.

Bwana Stoo alinitazama. Mara moja tu. Nilikuwa nimeshika rundo la sahani za karatasi, na nikaanza kuzihesabu. Nilizihesabu mpaka mwisho nikaanza upya.

"Ni kosa la stoo," akasema. "Na stoo ni mimi."

Mwenyekiti alimuuliza mara tatu nani aliazima, na mara tatu akajibu hivyo hivyo. Siku ile watu wakafuturu tende na maji na wakaondoka. Jioni nilimwona kupitia dirisha langu, maana naishi jengo linalotazama ule uwanja wa magari wenye hema. Ardhi ilikuwa imeganda kama jiwe, kwa hiyo alikuwa amenunua mfuko wa udongo wa maua. Alipiga magoti kwenye theluji akaisugua sufuria kwa udongo, kisha kwa maji, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka zikatimia saba, kama dini yake inavyotaka kwa najisi ya namna hiyo. Mikono yake haikuwa na glavu. Neema alikuja akasimama karibu nami, akauliza kwa Kiswidi yule mzee anafanya nini, nikamwambia anaosha vyombo, na nikashusha pazia.

Mkutano ulifanyika wiki iliyofuata. Sufuria iliyotakaswa aliileta mwenyewe, inang'aa, akaiweka mezani. Hakuna aliyeigusa. Mtu mmoja nyuma alisema la kuvunda halina ubani. Mwingine akasema, jamani, mzee anakunywa bia hadharani, nguruwe ndiye atamshinda? Mwenyekiti alizungumza kwa upole sana, upole wa mtu anayekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema mzee amefanya kazi kubwa, amechoka, apumzike. Kisha akasema wanaokubali wainue mkono.

Niliinua. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu kuna wakati nimejisimulia kwamba nilinyamaza tu. Sikunyamaza. Mkono huu ulioisugua ile sufuria vibaya uliinuka, na haukuinuka wa mwisho. Mama Zuhura hakuinua wake, aliinamia mapajani mpaka zoezi likaisha. Bwana Stoo aliweka funguo mezani, akavaa kofia yake yenye mafuta, akamwambia Mwenyekiti asizibe matundu ya juu, akatoka.

Waliziba, bila shaka. Kabla baridi ya pili haijaisha hema lilikuwa limeanguka kwa uzito wa theluji, kwa sababu hakuna aliyeamka kuisukuma, na vilivyokuwa ndani vilikuwa vimeoza. Nilikwenda siku ya kuvitupa. Nilitapika kando ya gari, na sikutapika kwa sababu ya harufu. Sasa misiba tunaagiza chakula mkahawani, Waislamu kwao, Wakristo kwao, na kila mtu anasema ni rahisi zaidi hivi.

Mwaka jana, baridi ya tatu tangu mkutano ule, nilikuwa natoka kwa mteja wangu mmoja anayekaa karibu na maji. Njia inapita kwenye uwanja ambako Waswidi huweka mashua zao zikitolewa ziwani, kila moja imefunikwa hema lake la turubai. Nilisikia theluji ikiporomoka, nikaona ufagio uliofungwa fulana ukichomoza. Alitoka kinyumenyume, amekonda, kamasi imeganda kwenye masharubu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Neema." Akajifuta kwa mkono na kunipa mkono huo huo, na niliupokea.

Aliniambia ana kibali cha kuingia hapo, wenye mashua wamemwona anasaidia wakampa ufunguo wa geti. Hawamlipi. Wengine humpa kahawa. "Hawajui kufunga hawa nao," alisema. "Wanabana sana."

Nikamwambia pale pale, nimesimama kwenye matope ya theluji na chumvi ya barabara. Nikasema ni mimi niliyepika.

"Najua. Funguo nilikupa wewe."

"Mbona hukunitaja?"

"Nikutaje niseme nini? Kwamba stoo nilimwachia mtu?" Alikohoa, akatema pembeni. "Nilidhani utasema mwenyewe. Ile wiki yote nilikuwa nakungoja. Hata mkono ulipoinuka nilidhani unataka kuongea."

Hapo nilikosa pa kuweka uso. Ningeweza kupiga magoti. Badala yake nikatoa simu. Nikasema nampigia Mwenyekiti sasa hivi, asikie, wamrudishie heshima yake. Alisema, "Acha, mama." Sikuacha. Nilikuwa nimeshakuwa na haraka ya kuwa msafi. Nikaweka sauti ya nje ili mzee asikie kila neno, nikavaa tena glavu kwa sababu vidole vilikuwa vinauma.

Mwenyekiti alipokea. Nikasema yote kwa pumzi moja: Krismasi, paja la nguruwe, sufuria, mzee hana kosa. Upande wa pili palikuwa na kelele ya televisheni, kisha ikapunguzwa.

"Aii, Mama Neema," alisema, kwa sauti ya mtu anayeliwaza mtoto. "Si hiyo story ni ya kitambo? Sisi tulijua. Mke wangu si alikuwa kwako hiyo Krismasi? Aliiona alama ya red pale jikoni, akaniambia hiyo usiku. Wengi walijua."

Nilibonyeza kuzima. Glavu yangu ilikuwa nene, kioo hakikusikia.

"Lakini ukweli tuseme," Mwenyekiti akaendelea, "mzee alikuwa ametuchosha. Kutunusa-nusa, kutusomea mbele ya watu. Na vile alikuwa ananuka! Tulikuwa tunatafuta tu njia ya kumtoa bila kelele. Wewe ulitusaidia, kwa hivyo usijisumbue, sawa? Salimia Neema."

Niling'ata glavu nikaivua kwa meno, lakini alikuwa ameshakata mwenyewe.

Bwana Stoo alikuwa ameshika ufagio kwa mikono miwili. Miaka mitatu alikuwa amebeba kosa langu akidhani watu wamempa hukumu kwa kutojua. Hilo lilikuwa linamtosha kuishi nalo, mpaka nilipokuja mimi kujiosha kwake.

"Itie ndani ya koti hiyo simu," alisema. "Baridi inamaliza betri."

Nikaitia.

Alinyoosha fulana kwenye ufagio wake. Halafu akauliza, bila kunigeukia, "Na Mama Zuhura? Naye alijua?"

"Hapana," nilisema haraka. "Yeye hakujua, mzee. Naapa." Sikuwa na habari kama alijua au hakujua. Sijamuuliza mpaka leo, kwa kuogopa.

Akageuka akanitazama usoni, safari hii kwa muda mrefu, na sikuwa na sahani za kuhesabu.

"Wewe hata leo unaniambia ni kavu, Mama Neema," alisema, akainama akaingia chini ya hema la watu.